Kuvu Inayoingia Moyoni kwa Njia ya Sindano



Leo ukurasa wetu wa afya una habari nzito kidogo. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa makala. Huko tumeeleza maneno hayo. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kuvu inayoweza kuota ndani ya moyo wa mtu aliye hai. Ndiyo, kuvu, ndugu yake ile tunayoiona juu ya mahindi yaliyolowa. Huweza kuingia mwilini kwa njia kadhaa. Lakini njia moja iliyo wazi kabisa ni sindano ya mtu anayejidunga dawa za kulevya.

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Sisi watu wa Same yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Mji wa Same uko kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha kutoka Dar es Salaam na Tanga. Vijana wetu wa Chome, Vunta, Mamba, Suji na Gonja hushuka mlimani kwenda mijini kutafuta kazi. Wengi hurudi na pesa kidogo na akili njema. Wachache hurudi wamekwisha zoea unga. Na kijana akizidiwa na ugonjwa huko mjini hurudi wapi? Hurudi kwa mama yake. Basi ugonjwa ulioanzia mjini huja kulala katika nyumba ya mlimani, na mama ndiye anayekesha nao. Kwa hiyo mama huyo anapaswa kuujua.

MOYO NA MILANGO YAKE

Kunja ngumi yako. Moyo wako ni mkubwa kiasi hicho. Kazi yake ni kusukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Hebu tufanye hesabu. Zidisha 70 kwa dakika 60, kisha zidisha kwa saa 24. Utapata 100,800. Moyo hufanya kazi hiyo kila siku, bila kupumzika hata Jumapili.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne. Viwili viko upande wa kulia na viwili upande wa kushoto. Vyumba hivyo vina milango minne. Madaktari huiita vali. Milango hii ni myembamba na laini, lakini ni imara. Kila mmoja hufunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi nyuma.

Wenyeji wa Upare wanaifahamu ndiva. Maji hukusanywa humo usiku, na asubuhi tundu lake huzibuliwa, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani. Maji ya ndiva hayarudi nyuma kwa sababu ya mteremko. Damu haina mteremko. Mara hupanda kichwani, mara hushuka miguuni. Kinachoizuia isirudi ndani ya moyo ni milango hiyo tu. Mlango ukitoboka au ukishindwa kujifunga, damu hurudi nyuma, na moyo hulazimika kufanya kazi mara mbili. Mwisho huchoka. Mtu huanza kuhema akipanda kilima kidogo, na miguu huvimba.

KUVU NI NINI?

Kuvu ni viumbe hai, siyo uchafu tu. Vingine tunaviona kwa macho, vingine ni vidogo mno. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba akirundika mazao mabichi mahali penye joto na unyevu, baada ya siku chache ataona utando. Hiyo ni kuvu. Hamira inayoumua maandazi ni aina ya kuvu. Hata dengelua huchachuka kwa kazi ya kuvu wa namna hiyo, ndugu za hamira.

Kuvu nyingine ina madhara. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Lakini tofautisha hapo. Wale waliuawa na sumu iliyoachwa na kuvu ndani ya chakula. Leo tunazungumza juu ya kuvu yenyewe, ikiwa hai, ikiota ndani ya mwili.

Ziko aina mbili za kukumbuka. Ya kwanza huitwa kandida. Hii huishi kwenye ngozi zetu, mdomoni na tumboni. Kwa kawaida haitudhuru. Mama amewahi kuiona kama utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Ya pili huitwa aspajilasi. Hii huishi katika vumbi, majani yaliyooza na nafaka zilizoharibika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu, nayo ina aina 19. Jamaa za kandida na aspajilasi zimo katika kundi la hatari zaidi.

Sasa, kama kandida tunaishi nayo kila siku, mbona hatuugui moyo? Kwa sababu tuna ngozi. Ngozi ni kama ukuta wa boma. Kuvu ikiwa nje ya ukuta, hakuna neno. Ikipitishwa ndani ya ukuta mpaka kwenye damu, mambo hubadilika.

SINDANO HUTOBOA UKUTA

Hapa Same tunaijua mirungi, ambayo sheria ya nchi yetu inaikataza. Mirungi hutafunwa. Ina madhara yake, lakini haitoboi ngozi. Unga, yaani heroini, ni jambo lingine. Hutengenezwa kwa utomvu wa ua liitwalo afyuni, linalolimwa mbali sana huko Asia, na hufika pwani yetu kwa kuvuka Bahari ya Hindi. Zamani watumiaji wengi wa hapa nchini walikuwa wakiuvuta kama sigara. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, kujidunga kulienea Dar es Salaam.

Anayejidunga haoshi mikono. Maji anayotumia huwa machafu. Sindano moja hupita kwa watu wawili, watatu, wanne. Unga wenyewe umechanganywa na vitu vingine na wauzaji. Vyote hivyo huingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Kuvu ya ngozini, ya mdomoni na ya kwenye maji machafu hupanda gari hilo hilo.

Hata tunda laweza kuwa na hatari. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Hispania, Uingereza na nchi nyingine waliona vijana waliojidunga wakiugua macho na ngozi kwa kandida. Walipochunguza, waligundua kwamba wengi wao walikuwa wakitumia maji ya limau pamoja na heroini. Limau likishakatwa na kushikwashikwa, kandida hustawi ndani yake. Kwenye kachumbari limau halina neno. Kwenye mshipa wa damu ni balaa.

Iko na desturi nyingine ya kusikitisha. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya wanawake maskini wa Dar es Salaam. Mmoja akishajidunga alikuwa akivuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenziwe asiye na pesa ajidunge damu hiyo. Walidhani ndani yake mmebaki dawa ya kutosha kupunguza maumivu ya kukosa unga. Ilikuwa huruma ya mtu kwa mwenzake. Lakini damu ya mtu yaweza kubeba virusi vya UKIMWI, homa ya ini, bakteria na kuvu.

KWA NINI KUVU HUKAA KWENYE MLANGO?

Damu inayotoka kwenye mshipa wa mkono hufika kwanza upande wa kulia wa moyo. Kwa hiyo uchafu wa sindano hupita kwanza katika milango ya upande huo. Chembe ngumu zilizomo katika unga hukwaruza mlango. Kuvu hupata mahali pa kushika, kama mbegu inavyopata ufa kwenye mwamba.

Tena, milango ya moyo yenyewe haina mishipa mingi ya damu. Askari wa mwili wanaopambana na magonjwa hufika hapo kwa shida. Basi kuvu huota pole pole na kufanya uvimbe. Uvimbe wa kuvu huwa mkubwa kuliko ule wa bakteria, na vipande vyake hukatika kwa urahisi. Vikikatika upande wa kulia huenda mapafuni. Mgonjwa hukohoa na kusikia kichomi. Vikikatika upande wa kushoto huenda popote. Vikienda kwenye ubongo, mtu hupooza ghafla. Vikienda mguuni, huziba mshipa, mguu ukawa baridi na kuuma. Vikienda jichoni, macho huona ukungu.

Tuseme ukweli wote. Wagonjwa wengi wa milango ya moyo kwa sababu ya kujidunga huwa na bakteria, siyo kuvu. Wa kuvu ni wachache. Lakini wa kuvu ndio wanaokufa zaidi. Hata wakitibiwa katika hospitali kubwa za ulimwengu, karibu nusu yao hufa.

Na siyo wanaojidunga peke yao. Mtu aliyewekewa mlango wa moyo wa bandia, au mgonjwa aliyelazwa muda mrefu na mpira kwenye mshipa mkubwa, naye aweza kuupata. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa wa moyo usimnyooshee kidole.

DALILI ZAKE

Dalili za ugonjwa huu ni za kudanganya. Tazama hizi:

1. Homa isiyokwisha, wiki baada ya wiki. Huja na kutetemeka.
2. Jasho jingi usiku.
3. Kukonda na kukosa nguvu.
4. Kuhema hata kwa kazi ndogo, kukohoa, au maumivu ya kifua.
5. Miguu kuvimba.
6. Vidoa vyekundu vidogo kwenye vidole au chini ya kucha.
7. Macho kuona ukungu, au upande mmoja wa mwili kupooza ghafla.

Unaona shida iliyopo? Dalili za mwanzo zinafanana na malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Familia humpa kijana dawa ya malaria. Homa inapungua siku mbili, inarudi. Wanampa tena. Inarudi. Kisha wanaanza kusema karogwa na wenzake huko mjini. Mbuzi anauzwa, mganga analipwa. Kumbe siku zote hizo kuvu inaota.

Kupima malaria ni sawa kabisa, na ndiyo hatua ya kwanza. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, usinunue dawa ya malaria. Wala usinunue vidonge vya kuua bakteria dukani ukabahatisha. Vidonge hivyo haviui kuvu hata kimoja. Tena, kama ugonjwa ni wa bakteria, huwaficha tu, na daktari akipima damu hawaoni.

NENO MOJA LINALOOKOA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la makala hii. Daktari wa zahanati au wa Hospitali ya Wilaya hana macho ya kuona ndani ya moyo. Anategemea mambo mawili: anachosikia kwa kipimo chake cha masikioni, na anachoambiwa. Mlango wa moyo ukivuja, hutoa mlio wa damu inayorudi nyuma. Daktari akiambiwa, "Huyu kijana aliwahi kujidunga," atausikiliza moyo kwa makini. Asipoambiwa, huenda akatibu homa tu.

Lakini nani atasema? Kijana anaona haya. Mama anaogopa polisi. Baba hataki majirani wajue. Basi wote watatu wanakaa mbele ya daktari na kusema, "Ni homa tu." Siri hiyo ndiyo inayoua.

Mama, baba, sikilizeni. Daktari siyo polisi. Kazi yake ni kutibu, na maadili ya kazi yake yanamtaka atunze siri ya mgonjwa. Kama hamtaki wengine wasikie, ombeni kuzungumza naye faragha. Semeni lini kijana alijidunga mara ya mwisho. Hata kama aliacha miezi iliyopita, semeni. Kuvu ni mvumilivu, yaweza kukaa wiki na miezi kabla ya kujionyesha.

MATIBABU YAPO

Ugonjwa huu hautibiwi nyumbani wala zahanati. Mgonjwa atapelekwa hospitali kubwa, kama vile KCMC ya Moshi. Huko damu yake itachukuliwa na kuoteshwa maabara ili ijulikane ni kiumbe gani kimo ndani yake. Damu hiyo huchukuliwa zaidi ya mara moja, maana kuvu hujificha. Aspajilasi hasa huonekana katika damu kwa nadra. Pia moyo utapigwa picha kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kama ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Haiumi wala haichomi. Daktari huiona milango ikifunguka na kujifunga, na kama kuna uvimbe anauona.

Ikiwa ni bakteria, mgonjwa huchomwa dawa kwa wiki 4 mpaka 6. Wengi wanaowahi hupona. Ikiwa ni kuvu, hupewa dawa kali za kuua kuvu, kama amfoterisini, na mara nyingi huhitaji pia upasuaji wa kuondoa uvimbe na kutengeneza au kubadili mlango. Nchini mwetu upasuaji wa moyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, katika eneo la Muhimbili. Baada ya hapo mgonjwa huendelea kumeza vidonge vya kuvu kwa muda mrefu. Wengine huvimeza maisha yao yote, kwa sababu kuvu hii hupenda kurudi.

Gharama ni kubwa. Asiye na uwezo asikate tamaa na kurudi nyumbani. Aulizie ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini, aeleze hali yake.

KUMPONYA MOYO NA KUMPONYA MTU

Tuseme kijana amepona. Mlango mpya umewekwa. Akirudi kwenye sindano, kuvu itarudi, na mlango wa bandia hushikwa upesi kuliko wa asili. Kwa hiyo kutibu moyo bila kutibu uraibu ni kuteka maji kwa pakacha.

Uraibu nao ni ugonjwa. Kumfunga kamba kijana au kumpiga hakumponyi. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa hupewa kipimo chake kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Huondoa maumivu ya kukosa unga, na mtu haihitaji tena sindano. Baadaye kliniki kama hiyo zilifunguliwa Mwananyamala, Zanzibar na katika mikoa mingine, ikiwamo Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Muulize mganga wenu wa wilaya ni kituo gani kilicho karibu.

TUFANYE NINI SISI WA VIJIJINI?

Kwanza, kijana akirudi na homa ya zaidi ya wiki moja, apelekwe hospitali. Asitibiwe kwa kubahatisha.

Pili, tumsemee kweli kwa daktari.

Tatu, anayejidunga asaidiwe kuacha. Wakati bado hajaacha, asichangie sindano, bomba wala maji na mtu yeyote.

Nne, watoto wetu wakiumwa koo sana na kupata homa, tuwapeleke zahanati. Koo lisilotibiwa laweza kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo tangu utotoni, na mlango ulioharibika hushikwa na wadudu upesi.

Tano, tusimcheke mwenye mtoto aliyepotea. Ukimcheka leo, kesho atamficha mgonjwa wake ndani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeficha amefundishwa kuficha na majirani zake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Milango ya moyo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini dawa za bakteria hazimsaidii mgonjwa wa kuvu?
3. Kijana wa jirani yako amerudi na homa ya wiki tatu. Wazazi wake wanaona haya. Utawaambia nini?
4. Katika kijiji chenu, ni nani mnayeweza kumwendea kwa siri mkipata shida ya namna hii?

MANENO MAGUMU

Afyuni: ua ambalo utomvu wake hutengenezewa heroini.
Bakteria: viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vingine huleta magonjwa.
Faragha: mahali pasipo na watu wengine.
Kuotesha damu: kuiweka damu maabara katika hali nzuri ili viumbe vilivyomo vikue na kuonekana.
Ndiva: bwawa la asili ya Wapare la kukusanyia maji ya kumwagilia.
Uraibu: hali ya mwili na akili kushindwa kuacha kitu kilichozoeleka.
Vali: mlango wa moyo.